Maswali ya Wasomaji: Kamera, Bamvua na Adabu za Kupiga Picha Unguja na Pemba

Toleo lililopita lilibeba picha za fukwe za mashariki ya Unguja, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua saba ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Barua nyingi ziliuliza kamera ipi inunuliwe, nazo tumeziweka kando kwa makusudi, kwa sababu anayetaka kupiga picha za nje katika visiwa hivi atafaidika na kalenda ya mwezi mwandamo kuliko atakavyofaidika na lenzi mpya. Jibu la barua ya kwanza litaeleza kwa nini.

Ndugu Mhariri, nilikwenda Jambiani mwishoni mwa juma nikitarajia kupata picha ya ngalawa zikielea wakati jua linachomoza. Nilizikuta zimelala ubavu mchangani, na maji yako mbali kidogo, si ya kujaa wala si ya kupwa kabisa. Wenyeji waliniambia kwamba nimekuja na maji mabaya. Je, ni bahati tu au kuna namna ya kujua mapema? — Msomaji, Dar es Salaam

Wenyeji walikuambia kweli, na neno lao linastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndilo litakalokuokolea nauli ya safari ijayo. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na zile dakika 50 za ziada ndizo zinazofanya saa ya kujaa isogee mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hupanda hadi kwenye ngazi za nyumba za ufukweni, kisha hushuka hadi mwambani, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu asiye na haraka ya kwenda wala kurudi. Ulichokikuta asubuhi ile ni maji mafu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba saa za bamvua hazibahatishi. Siku ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo, Unguja maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndivyo ilivyo mwezi huu na ndivyo itakavyokuwa mwaka ujao. Ukiongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita, utaona kwamba siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu maji hujaa karibu kabisa na macheo, kisha yakajaa tena karibu na machweo. Hizo ndizo siku zako za ngalawa zinazoelea, na zinakuja mara mbili katika kila mwezi, kwa kuwa mwezi mwandamo nao huleta hali hiyo hiyo.

Kanuni hiyo ina upande wake mchungu. Pwani tupu iliyokauka hadi mwambani, yenye vidimbwi vinavyong'aa na michirizi ya mchanga, hupatikana wakati wa bamvua pekee, na bamvua hukausha pwani kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa kali. Maji yakipwa wakati wa macheo, basi ni maji mafu, na bahari itakuwa imerudi nyuma hatua chache tu. Kwa hiyo picha ya pwani iliyokauka kabisa chini ya mwanga laini wa alfajiri, ambayo wapigapicha wengi huisafiria, Unguja haipo. Mwenye kulijua hili huacha kuitafuta, akashika mojawapo kati ya yale mawili yanayopatikana.

Jedwali la maji hupatikana kwa urahisi katika simu, lakini ukifika kijijini muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi. Atakujibu bila kutazama popote, na jibu lake litakuwa sahihi kwa ufukwe ule ule mliosimama. Ukiamua kutembea hadi mwambani wakati wa bamvua, vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kwani viumbe weusi wenye miiba mirefu hujificha katika majani ya bahari, na anza kurudi mara tu maji yanapogeuka. Mikondo iliyo kati ya mwamba na ufukwe hujaa kabla ya mahali uliposimama, na mtu aliyeinamisha kichwa kwenye kamera hushtuka maji yakiwa yamemzunguka kwa nyuma.

La nyongeza kwa wale wanaolalamika kwamba pwani ya mashariki haina machweo: Michamvi Kae iko upande wa magharibi wa rasi ya Michamvi, inatazama Ghuba ya Chwaka, na jua huzama pale juu ya maji kukiwa na mikoko mbele yako. Hapo napo, njoo maji yakiwa yamejaa.

Mimi ni mwalimu, na mwezi Desemba ninawapeleka wanafunzi wangu Unguja. Sote tutakuwa na simu tu, na ratiba yetu inatutoa nje kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nimesoma mara nyingi kwamba mchana si wakati wa kupiga picha. Je, tuache kabisa? — Msomaji, Nairobi

Msiache. Kanuni ya kuukimbia mchana imetungwa na watu wa nchi ambazo jua lao halipandi juu sana, na imenukuliwa huku kwetu bila kupimwa. Ile rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, ambayo kila mtu huitamani katika picha za Unguja, hutokana na mwanga unaopenya maji machache hadi kwenye mchanga mweupe na kurudi juu, na mwanga hupenya vizuri zaidi jua linapokuwa juu. Bahari ile ile saa kumi na mbili asubuhi ni ya kijivu. Kwa hiyo saa mnazolazimika kuwa nje ndizo saa za rangi ya maji, nanyi mzitumie kwa maji na si kwa nyuso za watu.

Kinachoharibu picha hizo ni mng'ao wa juu ya maji. Wenye kamera hufunga kichujio cha polaraizi mbele ya lenzi na kukizungusha polepole hadi mng'ao ufifie na matumbawe ya chini yaonekane. Ninyi wenye simu mnaweza kushika miwani ya jua yenye polaraizi mbele ya lenzi ya simu na kuizungusha vivyo hivyo. Haipendezi kwa mtazamaji, lakini inafanya kazi. Msielekeze lenzi wima chini. Isimamieni kwa mshazari, kwani ni katika mshazari kichujio kinapoondoa mng'ao mwingi.

Tatizo la pili ni mchanga. Kifaa cha kupimia mwanga hudhani kwamba kila kitu mbele yake kina weupe wa wastani, kwa hiyo kikiona mchanga mweupe huufanya kijivu, na mtoto aliyesimama juu yake hugeuka kivuli cheusi. Gusa kioo cha simu mahali ulipo uso wa mtu, kisha sogeza kidole juu ili kuongeza mwanga, hata kama mbingu itapauka kidogo. Afadhali mbingu ipauke kuliko sura ya mwanafunzi wako ipotee. Njia bora zaidi ni kumwita mtu aje chini ya banda la makuti au kivuli cha mkungu, akiwa ameielekea pwani. Mchanga wa nje utamrudishia usoni mwanga laini ambao studio nyingi hulipia vifaa vya ghali kuupata.

Kama ratiba itawafikisha kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, lililo mbele ya Mji Mkongwe, angalieni mwezi kabla ya kukodi mashua. Wakati wa bamvua fungu huwa pana asubuhi, na alasiri linaweza kuwa limefunikwa lote.

Asalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa mwani Jambiani. Tunaposhuka pwani wakati wa bamvua huwakuta watu wenye kamera kubwa wamekwisha kutusubiri. Wengine husalimia, lakini wengi hupiga picha wakiwa mbali, sisi tukiwa tumeinama, nguo zimeloa, kisha huondoka bila neno. Mwenzangu mmoja aliiona sura yake katika kadi inayouzwa dukani. Je, tuna haki ya kukataa, na tuseme nini bila kugombana na wageni? — Mkulima, Jambiani

Waaleikum salaam, mama yetu. Barua yako tumeiweka katikati ya ukurasa kwa sababu wengi wanaoisoma safu hii ndio hao hao wenye kamera.

Haki ya kukataa mnayo, wala haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wanawake. Vigingi vile na kamba zile ni shamba, lenye mwenyewe, na saa za kulifanyia kazi zimebanwa na maji. Mtu anayeingia katikati ya mistari ya kamba akitafuta pembe nzuri ya picha anakanyaga mazao, na anampotezea mkulima muda ambao bahari haitamrudishia. Asiyejua kwamba ni shamba aambiwe, na ajuaye akiendelea, basi amekosa adabu tu.

Kuhusu la kusema, wanawake wa kijiji kimoja wakikubaliana neno moja huwa na nguvu kuliko kila mmoja akijibu peke yake. Mkubaliane, kwa mfano, kwamba anayetaka kupiga picha aje kwanza kwa kikundi kabla ya maji kupwa, aseme picha ni za nini, na aelekezwe nani amekubali na nani hakukubali. Mpelekeeni sheha makubaliano hayo ili naye awaeleze wenye hoteli na waongozaji wa wageni, maana wengi wa wapigapicha hufika wakiwa wameletwa na mtu. Katika suala la malipo, mawazo yangu ni kwamba fedha anayopewa mmoja pembeni huleta mtafaruku kwa wote. Kama kikundi kinatengeneza sabuni au mafuta ya mwani, mgeni anunue bidhaa hizo. Na kama picha ni za biashara, yaani za kadi, kalenda au matangazo, hapo pawe na makubaliano ya maandishi na malipo yaende kwa yule aliyeonekana. Mwenzako aliyeiona sura yake dukani ana kila sababu ya kwenda kumuuliza mwenye duka kadi hizo zimetoka wapi, akiwa amefuatana na mtu wa ofisi ya sheha.

Sasa niwageukie wenye kamera. Lenzi ndefu haimwondolei mtu wajibu wa kuomba ruhusa. Inamwezesha tu kuukwepa. Mpigapicha anayefika nusu saa kabla, akasalimia kwa utaratibu, akaketi, akaacha kamera ndani ya mfuko hadi aambiwe, huruhusiwa mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na picha zake huwa bora kwa sababu mtu aliyekubali huinua uso. Katika simu za wapigapicha wengi nimeona migongo iliyoinama mingi, na nyuso chache mno. Ukikataliwa, kuna mengi ya kupiga yasiyohitaji ruhusa ya mtu: mistari ya vigingi inayokwenda hadi upeo, mwani ulioanikwa wenye rangi ya kijani na zambarau, nyayo kwenye mchanga wenye maji. Na katika mwezi wa Ramadhani, pamoja na katika vijiji vyote siku zote, vaa nguo za heshima unapotoka ufukweni kuingia mitaani, kamera iwepo au isiwepo.

Nilitembelea msitu wa Jozani na kila picha ya kima punju imetoka na ukungu wa mtikisiko. Mwongozaji alisema tusogee nyuma kila nilipokaribia. Nifanye nini safari ijayo? — Msomaji, Mwanza

Mwongozaji alifanya kazi yake. Kima punju wa Unguja hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ndiyo ngome yake kuu. Wanyama hao wamezoea watu kiasi cha kupita karibu na miguu yako, na ukaribu huo ndio unaowaletea hatari ya kuambukizwa maradhi yetu. Hivyo basi wasiguswe wala wasilishwe, na ukiwa na mafua, kaa mbali zaidi.

Mtikisiko unatokana na giza. Ndani ya msitu mwanga ni mdogo sana ukilinganisha na nje, ingawa jicho lako limekwisha kulizoea giza hilo na halikuonyi. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200 bila woga, fungua lenzi hadi mwisho, na uhakikishe kasi ya shata haishuki chini ya 1/500 ya sekunde kwa mnyama anayeruka. Chembechembe zitakazoonekana katika picha ni gharama ndogo. Lakini ushauri wangu hasa ni kwamba usiwafuate msituni. Kima hao hupenda kutoka pembezoni, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi na karibu na barabara, ambako mwanga ni mwingi na matawi ni ya chini. Nenda asubuhi mapema lango linapofunguliwa au alasiri, kwa kuwa mchana hupumzika juu ya miti. Barabarani hapo endesha polepole. Matuta yaliyowekwa yaliletwa na vifo vya wanyama hao hao.

Ukibahatika utamwona mmoja akitafuna kipande cha mkaa. Usidhani ana njaa. Majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana kemikali zinazomsumbua tumbo, na mkaa humsaidia kuzizuia. Angalia pia mkono unaoshika mkaa huo, kwani hauna kidole gumba, na picha nzuri ya mkono huo ina thamani kuliko picha ya kumi na moja ya uso wake.

Familia yangu asili yake ni Pemba, nami nimezaliwa Muscat. Mwezi Desemba nitakwenda na watoto wangu kwa mara ya kwanza, na ningependa kupiga picha za mandhari watakazozikumbuka. Watu wote wananiambia niende Unguja kwa sababu Pemba hakuna cha kupiga. — Msomaji, Muscat

Wanaokuambia hivyo wameiona Pemba kwenye ramani. Unguja ni kisiwa cha tambarare na fukwe. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na barabara zake hupanda na kushuka kati ya mikarafuu, mashamba ya mpunga na migomba. Kwa mpigapicha, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kilima humpa mahali pa kusimama. Fukwe pia zipo, ila zimejificha, na mara nyingi mtakuwa peke yenu.

Anzeni kaskazini. Msitu wa Ngezi uko baada ya Konde, ukielekea rasi ya Kigomasha, na ni mabaki ya msitu mnene ambao zamani ulifunika sehemu kubwa ya kisiwa. Barabara yenyewe inapita katikati ya msitu, miti ikikutana juu, kisha ghafla unatokea kwenye mwanga. Kulia ni Vumawimbi, ufukwe mrefu wa mchanga mweupe unaotazama mashariki, unaofaa asubuhi. Kushoto ni Verani, unaotazama magharibi, unaofaa jioni. Na mwishoni kabisa kwenye rasi ni mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Omba ruhusa kwa mlinzi kabla ya kupanda. Mtu aliyepanga vizuri anaweza kupata macheo na machweo katika rasi moja siku moja, akatumia mchana ndani ya msitu. Watoto wakiweza kukaa macho, mwombe mwongozaji wa Ngezi awapeleke usiku kumsikiliza bundi mdogo wa Pemba, asiyepatikana kwingine. Sauti yake mtaisikia. Picha yake msitegemee.

Kiumbe ambaye mnaweza kumtegemea ni popo wa Pemba. Huyu ni popo mkubwa alaye matunda, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 1.6 hivi, na katika miaka ya 1990 alikuwa ukingoni mwa kutoweka kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya nyama na kukatwa kwa miti. Wanakijiji waliounda vikundi vya kumlinda ndio waliomrudisha, na Kidike ni mojawapo ya mahali hapo. Mchana utawakuta wananing'inia kwa mamia juu ya miti, wakijipepea kwa bawa moja. Usipige makofi wala kurusha kitu ili waruke, hata kama kijana wa pembeni atajitolea kufanya hivyo kukufurahisha. Kila mruko wa mchana unawachosha wanaonyonyesha. Subirini hadi karibu na magharibi, watakaposikia jioni imeingia na kuanza kuondoka wenyewe. Pima mwanga kwa mbingu na uache popo wawe weusi. Manyoya yao ya rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu yaonekane katika picha za mchana, za karibu, za yule mmoja aliye upande wa jua.

Kuhusu Desemba: mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni na upepo wa kaskazi unaanza kushika, lakini Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, hivyo chukueni miavuli na msikate tamaa kwa wingu la asubuhi. Mvua ikikatika, majani ya mikarafuu hung'aa na vumbi la barabarani huwa limelala. Mkibahatika kukuta mavuno bado yanaendelea, mtaona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara na mbele ya nyumba. Teremkeni garini, piga hodi, mkae. Karafuu iliyochumwa leo ina kijani na wekundu wa waridi kwenye kichwa, ya jana imeanza kuwa hudhurungi, na ya siku kadhaa imekuwa nyeusi yenye wekundu. Mara nyingi majamvi ya rangi zote tatu yako pembeni mwa nyumba moja. Waulize watoto waweke kiganja kwenye kila jamvi na upige picha ya mikono. Halafu umwombe mwenye nyumba awaeleze shamba la nani liko wapi, kwani Pemba ukitaja jina la babu yako kwa sauti, huenda mtu wa pili utakayekutana naye akawa ni ndugu.

Lenzi yangu imeota utandu kama buibui kwa ndani. Fundi ananiambia ni kuvu. Ninaishi mita mia chache kutoka baharini. Nizuie vipi isirudie? — Msomaji, Tanga

Kuvu hustawi penye unyevu, giza na hewa isiyosogea, na mkoba wa kamera uliofungwa ndani ya kabati la mjini Tanga una vyote vitatu. Mtoe humo. Tafuta deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani pakiti za silika zile zinazobadilika rangi zikilowa, na uzikaushe upya kwa joto la oveni kila zinapobadilika. Mchele mkavu ambao wengi hupendekeza una vumbi jingi na hufyonza kidogo, uachie pilau. Dawa ya bure ni matumizi: lenzi inayotolewa nje juani kila wiki ni nadra kuota kuvu.

Ukitoka pwani, puliza mchanga kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa, kwani chembe moja ya mchanga ikiburuzwa juu ya lenzi huacha alama ya kudumu. Mwili wa kamera upanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Usibadilishe lenzi upepo wa kusi ukivuma. Na kama umelala katika chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa baada ya kutoka nje, ili ipate joto polepole. Vinginevyo umande utaigandamia ndani na nje, na ndiyo mbegu ya ule utandu unaolalamikia. Kamera ikitumbukia katika maji ya chumvi, toa betri mara moja na usijaribu kuiwasha ili kuona kama bado inafanya kazi.

Je, ninaweza kuja Zanzibar na droni yangu ndogo kwa likizo tu, bila biashara? — Msomaji, Kampala

Si bila kibali, hata kama ni ndogo na hata kama ni ya likizo. Tanzania nzima, Zanzibar ikiwemo, droni hutakiwa kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na idhini ya upande wa ulinzi huhusika pia. Maombi hayo yafanywe wiki kadhaa kabla ya safari, usipange kuyafanya kwenye meza ya forodha, ambako kifaa kinaweza kuzuiliwa hadi siku ya kuondoka kwako. Ndani ya hifadhi, kama Jozani, utahitaji pia ruhusa ya wasimamizi wa eneo. Na kwa kamera ya aina yoyote, ya mkononi au ya angani, usipige picha za kambi za jeshi, vituo vya polisi, wala maeneo ya bandari na viwanja vya ndege.